Kidonge cha Jioni

Mama Chiriku hakuwa mtu wa kuambiwa amekosea, na Jumatatu ile aliyemwambia hakuwa hata mtu. Ilikuwa kompyuta.

Walikuwa wanne ndani ya chumba kidogo mwisho wa korido ya hospitali, chumba kilichokuwa stoo ya mashuka kabla hakijapewa Mwalimu. Huyo Mwalimu hakuwa mwalimu tena. Alifundisha hesabu sekondari hadi akaota kipara, kisha akaenda kusomea namna ya kuchunguza magonjwa kwa kompyuta, lakini jina lilikuwa limeshamganda. Alikuwa ameketi mbele ya skrini, na nyuma yake wamesimama Daktari, Sista Mkuu wa wodi, na Mama Chiriku mwenyewe, mkoba kifuani, vidole vya miguu vikilia ndani ya viatu vya kwendea mahali.

"Huu ndio ubongo wa mwanao," Mwalimu alisema. "Si picha tu, mama, ni mfano. Nimechukua zile picha za mashine, zile nyaya alizobandikwa kichwani, na ile kalenda yako, nikaviunganisha kwa hesabu. Nikiupa mfano huu dawa, unatulia kama mwenyewe anavyotulia. Nikiunyima, unaanguka kama anavyoanguka."

"Utaangukaje? Hauna hata miguu."

Daktari alikohoa kuficha kicheko. Mwalimu hakucheka; alibonyeza. Nukta nyekundu ikawaka upande wa kushoto, juu kidogo ya sikio, ikatapakaa ubongo mzima kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa cha meza. Mama Chiriku aligeuza uso. Hayo alikwishayaona ya kutosha sakafuni kwake, mwanawe akitetemeka na yeye ameshika mto, hajui aombe msaada wapi.

Kalenda aliyoitaja Mwalimu ilikuwa ya ukutani, ya kawaida, yenye picha ya maua. Kila siku ilikuwa na alama mbili za wino wa buluu, moja ya kidonge cha asubuhi na moja ya kidonge cha jioni, na kila alipoanguka mtoto iliwekwa duara nyekundu na saa yake pembeni. Mama Chiriku alikuwa mpiga pasi kwa dobi, na shati likitoka mkononi mwake na mkunjo, usingizi haumpati. Aliiandika kalenda ile kwa roho hiyo hiyo. Mwalimu alipoiona mara ya kwanza aliibeba kwa mikono miwili na kusema hajapata kuona mzazi anayeandika hivi. Sifa ile Mama Chiriku aliirudia nyumbani kwa wiki mbili, mpaka mumewe akaomba poo.

"Sasa tatizo ni hili," Mwalimu aliendelea, na sauti yake ikashuka. "Nikiifuata kalenda yako, vidonge viwili kwa siku, mfano haukubali. Unatulia. Mtoto wa kwenye kompyuta anaanguka mara moja kwa miezi miwili. Wako anaanguka mara tisa kwa mwezi."

"Basi kompyuta yako haijui kazi."

"Ndivyo nilivyofikiri, mama. Nikarudia, nikarudia. Mwisho nikajaribu kuondoa kidonge cha jioni. Hapo ikalingana na kalenda yako, hata saa zenyewe. Alfajiri, alfajiri, alfajiri."

Aliyedakia alikuwa Sista Mkuu, mwanamke mnene mwenye saa kifuani na subira kidogo.

"Mama, tuambiane ukweli. Dawa hizi huko nje zina wanunuzi. Hutakuwa wa kwanza."

"Rudia."

"Sijasema umeuza, nasema—"

"Rudia hilo neno, Sista, mbele ya hawa watu! Mimi niuze dawa ya mwanangu? Mimi? Nilale na hela ya kichwa cha mtoto wangu chini ya mto? Umenikosea adabu, na wewe ni mtu mzima!"

Daktari aliinua mkono. Alikuwa mtu mpole, na siku hiyo alikuwa amechoka. "Basi jamani. Mtoto kila akija kliniki tunampima damu, na dawa tunaikuta, tena ya kutosha. Damu haitoki kwenye kompyuta. Mwalimu, kwa heshima zote, mfano ni mfano. Dawa ya kwanza ilishindwa, hii ni ya pili. Kilichobaki ni kufungua na kupaondoa hapo panapoanzia. Mama, nilikueleza: hapo pamekaribiana na pale pa kuongelea. Tutajitahidi. Lakini anaweza kuamka maneno mengine hayapo."

"Kompyuta haisemi kwamba dawa imeshindwa," Mwalimu alisema, bila kumtazama mtu. "Inasema haijafika."

"Mwenye kujua ni mama yake," Daktari alijibu. "Mama, anameza?"

"Naweka mdomoni mwake kwa mkono wangu huu. Maji namimina mimi. Asubuhi na jioni. Nikisema uongo, macho haya yapofuke."

"Basi upasuaji ni Alhamisi."

Akasukumiwa karatasi, akatia sahihi kwa hasira. Alipofika katikati ya korido akakaa kwenye benchi la wagonjwa. Alikuwa amemshinda Sista, amemshinda Mwalimu, ameishinda na kompyuta. Na kwa ushindi huo mwanawe angepasuliwa kichwa baada ya siku tatu.

 

Nyumbani kwao palikuwa na ua mmoja na milango miwili. Huku vyumba viwili vya mumewe, Fundi Saa. Kule, ng'ambo ya kamba za nguo, chumba cha dada yake mume, ambaye watoto wote wa pale walimwita Shangazi. Shangazi alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo alikuwa akiolewa baada ya wiki tatu. Kwa hiyo hakuna aliyemwita jina lake tena. Alikuwa Bi Harusi kuanzia asubuhi mpaka jioni, hata akiwa anafagia.

Chiriku mwenyewe alikuwa na miaka kumi na minane. Jina hilo alipewa na baba yake akiwa mdogo, kwa sababu alianza kusema mapema na tangu hapo hajapumzika.

"Mama, watanyoa zote au upande?" alimpokea mama yake mlangoni. "Maana kama ni upande, bora zote. Upande nitafanana na lile brashi la baba. Halafu picha za harusi je? Nitavaa kilemba, ila kilemba kinaniwasha, labda nisimame nyuma ya yule shangazi yake bwana harusi, yule mpana, mtu akisimama nyuma yake hata jua halimwoni. Umekula? Hujala. Macho yako ya njaa hayo."

Mama Chiriku alimtazama ule mdomo. Maneno mengine hayapo, Daktari alisema. Yapi? Angeweza kuchagua yapi yabaki?

Fundi Saa alisikiliza habari za hospitalini akiwa kwenye meza yake dirishani, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, tumbo la saa ya mtu limefunguliwa mbele yake. Alikuwa mtu wa maneno machache. Nyumba ile ilikuwa na msemaji wa kutosha.

"Saa ikichelewa siku moja, naweza kusema ni bahati mbaya," alisema mwishowe. "Ikichelewa kila siku dakika zile zile, kuna kitu kinaishika. Ningemsikiliza huyo Mwalimu."

"Kwa hiyo na wewe unasema nauza?"

"Nimesema kitu kinaishika. Sijasema wewe."

"Mwenye kushika dawa humu ndani ni nani kama si mimi?"

Fundi Saa akarudi kwenye saa yake. Ndoa ya miaka ishirini humfundisha mtu mahali pa kuishia.

Shangazi aliingia bila kubisha, mikononi ana shali ya harusi aliyokuwa akiipindia ukingo. Habari alikwishazisikia kupitia dirishani, kama kawaida yake. "Wifi, usiogope kisu," alisema. "Kisu humaliza mambo mara moja. Mtoto atapona, vidonge basi, kliniki basi. Wewe utapumzika."

Alisema kwa huruma, na huruma yenyewe ilikuwa ya kweli. Lakini alisema haraka mno. Chiriku, aliyekuwa akimsimulia baba yake habari za mteja aliyeleta saa iliyoliwa na panya, alinyamaza kidogo, kisha akaendelea.

Jua lilipoinama, Mama Chiriku alitoa kidonge, akamimina maji, akakiweka kwenye ulimi wa mwanawe. Chiriku akanywa, akafuta midomo, akatoka kwenda kuanua nguo. Mama akaweka alama ya buluu kwenye kalenda. Punde akaja Bi Harusi, akainama dirishani.

"Mjomba, saa ngapi?"

"Kumi na mbili na dakika nane," Fundi Saa alimjibu, amefurahi. Mtoto yule alikuwa na simu nzuri tu, lakini kila jioni alikuja kumuuliza yeye. Siku hizi nani anamheshimu fundi saa? Alimwacha asimame pale achezee boksi la saa zilizotelekezwa na wenyewe, mpaka alipoaga.

Uani palikuwa kimya. Pini za nguo zilisikika zikidondoka moja moja kwenye beseni.

"Hii dawa ya jioni inamkaba yule mtoto," Fundi Saa alisema. "Akishaimeza tu, haongei robo saa nzima."

 

Maneno ya mumewe yalimwingia Mama Chiriku sikio moja, na usiku kucha hayakutokea la pili.

Jumanne asubuhi alimpa Chiriku kidonge. "Mama, hii dawa ina ladha ya msumari," Chiriku alisema, maji yakimchuruzika kidevuni, "si kwamba nimewahi kula msumari, ila ningekula ungekuwa hivi." Na akaendelea hivyo mpaka mama yake anatoka mlangoni.

Kidonge kile kile. Kopo lile lile. Asubuhi hakimkabi, jioni kinamkaba?

Kwa dobi, siku hiyo, aliunguza kola ya shati. Miaka kumi na moja hajaunguza hata leso. Dobi alilishika shati kwa vidole viwili, akalipeleka mlangoni kwenye mwanga ili wateja waliopo walione vizuri.

"Mama Chiriku, ukizeeka tuambie mapema," alisema. "Tusiambiwe na mashati."

Wateja wakacheka. Siku nyingine angemjibu neno moja dobi akose pa kuweka uso. Siku hiyo aliomba samahani, na hilo ndilo lililomtisha dobi zaidi, akamwambia aende nyumbani akapumzike.

Hakupumzika. Alikaa kwenye kigoda chini ya kalenda na kuzihesabu duara nyekundu. Zilianza kuwa nyingi miezi kumi nyuma. Kabla ya hapo ilikuwa moja, au hakuna. Alikuwa ameziandika mwenyewe, kwa mkono wake, kila moja na saa yake, na hakuwahi hata siku moja kuzisoma.

Jioni akamimina maji. Akaweka kidonge kwenye ulimi. Chiriku akanywa, akafuta midomo, akageuka.

"Njoo ukae hapa," mama yake alisema. "Nisimulie ya leo."

Chiriku akaonyesha kwa kidole zile nguo kambani.

"Nguo hazina miguu. Nisimulie."

Chiriku akatikisa kichwa, akatabasamu midomo ikiwa imefungwa. Tabasamu likaanza kumpotea.

"Niite basi. Sema 'mama'. Neno moja tu, mwanangu."

Machozi yalimtoka Chiriku kabla hajafumbua mdomo. Mama Chiriku akaweka kiganja chini ya kidevu chake, akakaa hivyo, hakumlazimisha. Kidonge kikaanguka kiganjani, kimeanza kulainika upande mmoja.

Mama Chiriku aliinua macho kwenye kalenda. Alama mia tatu za buluu, kila jioni moja, na kila moja uongo. Uongo wake yeye, aliyeapa kwa macho yake.

"Unampa nani?"

"Mama, niliapa."

"Na mimi niliapa, jana, mbele ya Daktari. Tazama kiapo changu kimetufikisha wapi. Unampa nani?"

"Bi Harusi," Chiriku alisema, na akilia vile maneno yakaanza kumfuata yenyewe. "Alianguka bafuni, mama, kabla hawajaja kuposa. Kisha akaanguka tena. Ni kama mimi, ni ile ile. Na kadi hawezi kuchukua, kwa sababu kwenye dirisha la kadi pale kliniki anakaa dada yake bwana harusi, na kadi ya njano kila mtu anaijua ni ya nini. Shangazi akaniomba. Alisema nimsaidie cha jioni tu, heri nusu shari kuliko shari kamili. Nakikausha, nakitia kwenye lile boksi la saa, anakuja kukichukua. Siku ya kliniki na siku mbili kabla yake nameza vyote, ili damu iwe sawa."

Dirishani, kwenye meza, koleo dogo la Fundi Saa lilianguka. Hakuinama kuliokota. Kila jioni, *mjomba, saa ngapi?* Alikuwa akiingoja sauti ile.

"Na Alhamisi?" Mama Chiriku aliuliza. "Ulisikia wanavyotaka kukufanya. Ulisikia unaweza kupoteza maneno. Ukakaa kimya, wewe, Chiriku?"

"Walisema wakinipasua nitapona," Chiriku alijibu. "Nikipona, vidonge vyote vitakuwa vyake."

Mama Chiriku alimkumbatia, kisha akamsukuma kidogo, kisha akamkumbatia tena. Alitaka kumpiga na alitaka kumrudisha tumboni.

 

Shangazi alikuwa ameketi katikati ya vitambaa vya harusi Mama Chiriku alipoingia. Aliona kile kidonge kwenye kiganja cha wifi yake, naye akaiweka sindano chini polepole.

"Wiki tatu tu, wifi," alisema kabla hajaulizwa. "Wiki tatu. Akishaolewa nitasema mwenyewe, nitapiga magoti mbele yako."

"Alhamisi ni keshokutwa."

"Waahirishe. Waambie mtoto ana homa."

"Wakiahirisha kwa homa watapasua wiki ijayo. Wanapasua kwa sababu wanaamini anameza!"

"Waambie basi zilipotea."

"Vidonge mia tatu, wifi? Vilipotea kimoja kimoja, kila jioni, vina ratiba?"

Shangazi akaanza kulia. Alimlea Fundi Saa tangu mama yao alipokufa, akaacha shule ili yeye asome, na katika nyumba ile deni hilo halikuwahi kutajwa wala kusahauliwa. "Ukimtaja mwanangu pale, wifi yake atasikia kabla wino haujakauka. Ni kumwaga mtama penye kuku wengi. Posa itavunjika, na nani atakuja tena? Umemlea naye pia. Mimi nilichukua nusu tu. Nusu!"

"Nusu kwako," Mama Chiriku alisema. "Kwangu mimi ni kichwa kizima."

Alipogeuka kutoka, Bi Harusi alikuwa amesimama mlangoni, viatu vipya mkononi, na kwa jinsi alivyovishika ilionekana alikuwapo hapo tangu mwanzo. Walipishana.

 

Jumatano asubuhi walikuwa tena wanne katika kile chumba, na Mama Chiriku alikuwa amevaa viatu vyake vya siku zote.

"Nimekuja kusema kompyuta ilisema kweli," alianza. "Vidonge vya jioni havikumezwa. Miezi kumi."

Mwalimu alifumba macho kidogo, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Sista Mkuu alikunja mikono. Daktari alivuta kiti, akakaa.

"Havikumezwa," Daktari alirudia. "Vilikwenda wapi?"

"Si muhimu vilikwenda wapi. Havikumezwa."

"Mimi nambari inanitosha," Mwalimu alisema upesi.

"Wewe inakutosha. Mimi nikifuta upasuaji, lazima niandike sababu, na lazima nijue havitapotea tena. Mama, vilikwenda wapi?"

Mlango ukafunguliwa. Aliyeingia alikuwa karani wa dirisha la kadi, msichana nadhifu mwenye kucha zilizopakwa rangi vizuri, ameleta faili la Chiriku. Alimsalimia Mama Chiriku kwa heshima, "Shikamoo mama," kwa sababu baada ya wiki tatu wangekuwa ukoo mmoja. Akaweka faili mezani. Hakutoka, alisimama akingoja litiwe sahihi alirudishe.

Mama Chiriku alikuwa amejiandaa njia nzima. Zilimwagika. Zililoa. Panya walikula. Sasa maneno yote yalimkimbia, na mbele yake aliona viatu vipya vimeshikwa mkononi. Alimtazama Sista Mkuu, yule yule aliyemfokea juzi kwamba amemkosea adabu.

"Niliuza," alisema.

"Umesemaje?"

"Niliuza, Sista. Ulisema kweli. Andikeni."

Sista Mkuu hakufurahi, na kwa kweli alionekana ameona haya. Aliyefungua mdomo kwa mshangao ni karani. Mkono wa Daktari uliandika neno hilo moja kwenye faili, taratibu, na Mama Chiriku alilisoma likiwa kichwa chini. Alijua kusoma hivyo. Lebo za nguo kwa dobi hufika zimepinduka.

Mwalimu alikuwa akimwangalia. "Miezi kumi, mama," alisema kwa upole, "na kila kliniki ikikaribia ulikuwa unapumzika kuuza? Maana damu—"

"Mwalimu," Mama Chiriku alisema. "Nambari si imekutosha?"

Mwalimu akamtazama karani, akamtazama tena yeye. Hesabu za kompyuta alizijua, na watu pia alikuwa amewafundisha miaka mingi. "Imenitosha," alisema, akageukia skrini. Akaurudishia mfano kidonge cha jioni, akabonyeza. Siku zikapita pale juu, wiki, mwezi, na ule ubongo ukakaa kimya. Mara moja tu nukta ikawaka juu ya sikio, ikazimika yenyewe.

Daktari aliiangalia mara mbili. "Miezi mitatu," alisema. "Ameze kamili miezi mitatu, tuone. Kisu hakiozi. Lakini, mama, dawa hupewi tena mkononi. Mtoto ataletwa hapa asubuhi na jioni, amezee mbele ya Sista."

"Ataletwa."

Alipotoka, karani alimpisha mlangoni kwa kubana sketi, asimguse.

 

Jioni ile ile akamleta Chiriku. Fundi Saa alikuja nao, amefunga meza yake mapema, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Alitembea pembeni ya mkewe, upande wa barabara, na njiani alimshika kiwiko. Alikwishaambiwa lile neno lililoandikwa kwenye faili. Korido nzima, kwa hali ilivyoonekana, ilikuwa imeambiwa pia.

Walipanga foleni kwenye dirisha la dawa. Wanawake wawili mbele yao waligeuka, wakanong'ona, wakageuka tena. "Ndiye huyo." "Si mama yake mzazi?" "Mzazi kabisa! Dunia imekwisha." Mama Chiriku alitazama mbele. Uso ulimwaka hadi masikioni. Alijiambia, wapasue jina langu, si kitu, jina halitoki damu. Akajiambia hivyo mara ya pili kwa sababu ya kwanza haikusaidia.

Dirisha la pili, la kadi, lilikuwa hatua nne tu kutoka hapo, na karani alikuwa akipanga vitu vyake ili afunge. Mtu akaja akasimama pale. Alikuwa amejifunika shali nyeupe isiyokwisha kupindwa ukingo, uzi unaning'inia.

"Wifi!" karani alisema, akichangamka. "Umekuja kunifuata? Subiri nifunge. Na nina habari ya kukupa, kaa kwanza chini—"

"Naisikia korido nzima hiyo habari," Bi Harusi alisema. "Nimekuja kuandikiwa kadi."

"Kadi ya nani?"

"Yangu. Ya njano."

Karani alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Yule mama hakuuza," Bi Harusi alisema. Alisema kwa sauti ya kusikika, na foleni yote ikamgeukia. "Hakuuza hata kimoja. Nilimeza mimi. Andika."

Mama Chiriku aligeuka amwambie nyamaza, mwanangu, nyamaza, nimekwishalipa mimi. Lakini Fundi Saa alikibana kiwiko chake. "Mwache," alisema kwa sauti ya chini. "Mwache aseme."

Karani alibaki ameshika kalamu. Alimtazama yule aliyekuwa anamwita wifi, akaitazama foleni, akainuka nusu, akakaa. Kisha akaivuta kadi ya njano kutoka kwenye rundo. Alisema nini nyumbani kwao usiku ule, kwa nani, na harusi ile iliishia wapi, waulizwe wenye harusi. Kwa wakati huo aliuliza tu, bila kuinua kichwa, "Ulianguka mara ya kwanza lini?"

"Anayefuata!" Sista Mkuu aliita.

Alikuwa Chiriku. Sista akampa kidonge na bilauri, akamkazia macho. Chiriku akanywa. Mama yake akauona mfupa wa koo ukipanda na kushuka.

"Fumbua mdomo," Sista alisema. "Inua ulimi."

"Nimekimeza, Sista, kimeenda, hiki cha jioni kina msumari zaidi ya cha asubuhi, kumbe ladha yenyewe iko kooni, na hii bilauri yenu ina harufu ya sabuni. Baba, umeona Bi Harusi ametoka na ile shali na sindano bado imo? Itamchoma. Mtu amwambie. Mama? Mama, mbona unalia, si nimemeza? Nimemeza, mama. Sikia, naongea."